Saruji, Majivu ya Pumba na Barabara Inayopita Mbugani

Namna barabara ya mbugani inavyoharibika inafahamika kwa kila mkazi aliyewahi kusukuma pikipiki ndani ya tope jeusi. Wakati wa kiangazi udongo hukauka na kupasuka, nyufa zikawa pana kiasi cha kumeza kwato la mbuzi. Mvua za kwanza huingia katika nyufa hizo, udongo ukaumuka na kulegea, na haupiti muda lori lililobeba mpunga au pamba limelala ubavu katikati ya njia, huku nyuma yake wakisubiri wagonjwa, wanafunzi na wafanyabiashara. Moramu humwagwa, greda hupita, watu wakapumua. Baada ya misimu miwili ya mvua moramu hiyo haionekani tena. Haikuibwa, wala haikusombwa yote na maji. Sehemu kubwa imezama ndani ya udongo laini ulio chini yake, na fedha iliyoinunua imezama nayo.

Njia mojawapo ya kuuvunja mzunguko huo ni kuuimarisha udongo wenyewe badala ya kuufunika tu. Wahandisi huchanganya udongo wa mfinyanzi na kiasi kidogo cha saruji au chokaa. Kwa miongo kadhaa sasa, katika nchi mbalimbali, wamekuwa pia wakipunguza saruji hiyo na kuweka mahali pake mabaki ya viwandani: majivu ya makaa ya mawe, takachuma za tanuri zilizosagwa, majivu ya makapi ya miwa na majivu ya pumba za mpunga. Katika kata zinazolima mpunga, ambako marundo ya pumba nyuma ya mashine za kukoboa yamekuwa sehemu ya mandhari, jambo hili lina maana ya pekee. Lina pia masharti yake, na mengi ya masharti hayo yako mikononi mwa wakazi kuliko inavyodhaniwa.

Udongo wenye tabia ya kitabu

Wakulima wa Kisukuma waliugawa udongo wao kwa majina tangu zamani. Luseni ni udongo wa kichanga ulio juu, karibu na miamba. Itogolo ni ule mgumu wa chini ya mteremko. Mbuga ni udongo mweusi mzito wa bondeni. George Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani mkoani Tanga, alipoeleza katika miaka ya 1930 jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyofuatana kwa mpangilio kutoka mlimani hadi bondeni, alikuwa akiandika kwa lugha ya sayansi jambo ambalo jembe lilikwisha kulijua.

Mbuga za namna hiyo zimeenea katika mikoa ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza, na ndugu zao wako katika tambarare za Athi nchini Kenya na katika nyanda za Deccan nchini India. Kwa kuwa pamba hustawi humo, wahandisi huuita udongo mweusi wa pamba. Kinachoufanya kuwa msumbufu ni madini ya mfinyanzi yaitwayo montimorilonaiti. Chembe zake ni nyembamba mno na zimepangwa kama kurasa za kitabu. Maji yanapoingia huziachanisha kurasa na kitabu hufura. Yanapotoka, kitabu hujifunga na kusinyaa. Mkulima hunufaika na tabia hiyo, kwa maana udongo wa aina hii hushika unyevu muda mrefu. Barabara haipendi jambo hilo hata kidogo, kwa sababu kinachoivunja si uzito wa gari pekee, bali ni kupanda na kushuka kwa ardhi kila msimu.

Nguvu ya udongo chini ya barabara hupimwa kwa kipimo kiitwacho CBR. Sampuli hushindiliwa ndani ya kopo la chuma, hulowekwa kwa siku 4, kisha hubonyezwa na nguzo fupi ya chuma. Upinzani wake hulinganishwa na ule wa kokoto bora zilizopondwa, ambao huhesabiwa kuwa asilimia 100. Mwongozo wa usanifu wa barabara uliotolewa na Wizara ya Ujenzi mwaka 1999 unaupanga udongo huo katika madaraja S3, S7 na S15, namba ikionyesha CBR ya chini kabisa inayokubalika katika kila daraja. Mbuga iliyolowa mara nyingi haifikii hata 3. Hiyo ndiyo sababu ya moramu kuzama: imewekwa juu ya kitu kisichoweza kuibeba.

Saruji inafanya nini ndani ya udongo

Kazi ya saruji na chokaa hufanyika katika hatua mbili, na ya kwanza ni ya haraka. Kalsiamu iliyomo ndani yake hushika nafasi ya sodiamu na vitu vingine vilivyoshikamana na kurasa za mfinyanzi. Kurasa huvutana na kukusanyika katika punje kubwa zaidi. Ndani ya saa chache udongo uliokuwa ukinata kwenye jembe huanza kumomonyoka mkononi, na hamu yake ya kunywa maji hupungua.

Hatua ya pili huchukua siku, majuma, hata miezi. Saruji inapokutana na maji hutengeneza gundi ngumu inayofunga punje za udongo, na wakati huohuo huacha chokaa huru. Chokaa hiyo hutafuta silika na alumina. Ikizipata, iwe ndani ya mfinyanzi wenyewe au ndani ya majivu yaliyochanganywa, hutengeneza gundi nyingine ya aina ileile, polepole. Warumi walilijua jambo hili kwa vitendo: walichanganya chokaa na majivu ya volkano kutoka Pozzuoli, karibu na Naples, wakajenga hata bandari, na ndiyo maana vitu vya namna hii huitwa pozolana hadi leo. Katika pwani ya Afrika Mashariki mafundi wa Kilwa na Unguja walichoma matumbawe wakapata chokaa ya majengo yaliyodumu kwa karne kadhaa. Kwa hiyo chokaa si ngeni katika ufundi wa nchi hii. Kilicho kipya ni kuipima kwa asilimia.

Mbuga ina ubishi wake. Ikiwa mbichi hushikana katika mabonge, na saruji inayomwagwa moja kwa moja juu ya mabonge hayo huyapaka rangi ya kijivu tu bila kuingia ndani. Kwa udongo wa mfinyanzi mzito, wahandisi wengi huanza na chokaa, huuacha mchanganyiko upumzike siku moja au zaidi hadi mabonge yalegee, kisha hutia saruji. Anayeona mashine zimesimama siku ya pili asidhani kwamba mkandarasi ametoroka.

Japani na Sweden zilikwenda mbali zaidi katika jambo hili. Kuanzia miaka ya 1970 Wajapani walitumia mashine zenye mihimili mirefu ya kukorogea, wakaichanganya saruji na matope laini ya chini ya bahari, mita nyingi kwenda chini, ili yabebe kuta za bandari. Waswidi walifanya hivyo kwa chokaa katika ardhi yao laini. Barabara ya kata haihitaji gharama ya namna hiyo. Kwa kawaida linalohitajika ni tabaka moja au mawili ya juu, yenye kina cha sentimita 15 au 20 kila moja.

Majivu gani, na yamechomwaje

Majivu ya pumba peke yake hayagandi. Mtu anaweza kumwaga gari zima la majivu barabarani, akayashindilia na kuyamwagia maji, na asipate chochote ila tope la kijivu. Nguvu yake huamka pale tu yanapokutana na chokaa au saruji.

Thamani ya pumba iko katika silika. Mpunga hufyonza silika nyingi kutoka ardhini na kuihifadhi katika ganda la punje, hivyo pumba zilizochomwa vizuri huacha majivu ambayo kwa kiasi cha asilimia 85 hadi 95 ni silika. Neno muhimu hapo ni «vizuri». Joto likiwa kati ya nyuzi 500 na 700 za Selsiasi, silika hubaki katika hali tepetevu iliyo tayari kuungana na chokaa. Likizidi sana, silika hugeuka fuwele, hulala, na haifai tena kwa kazi hiyo. Zaidi ya hayo vumbi la fuwele hizo huumiza mapafu ya anayelivuta. Kwa sababu hiyo majivu yanayotolewa katika tanuri za kuchomea matofali, ambako joto hupanda mno, yanaweza kuonekana meupe na mazuri lakini yakawa hayana faida. Nayo majivu meusi ya rundo lililochomwa ovyo kando ya barabara bado yana kaboni nyingi isiyoungua, na kaboni hunyonya maji ambayo saruji ingeyatumia. Rundo moja linaweza kuwa na majivu ya aina zote mbili: meusi nje, meupe ndani. Hakuna jicho linaloweza kuamua jambo hili, huamuliwa maabara.

Mikoa mingine ina hazina yake. Viwanda vya sukari vya Kilombero, Mtibwa, Moshi na Kagera huchoma makapi ya miwa kwa ajili ya nishati na kuacha majivu. Afrika Kusini na India zina milima ya majivu ya makaa ya mawe kutoka mitambo ya umeme, na nchi zenye tanuri kubwa za kuyeyushia chuma husaga takachuma na kuichanganya na saruji. Kusafirisha majivu hayo mamia ya kilomita hadi mbugani kungeua faida yote. Taka hii ina maana pale tu inapopatikana jirani.

Kuna taka moja ambayo haipaswi hata kufikiriwa bila vipimo na kibali, nayo ni mchanga wa marudio kutoka machimbo ya dhahabu. Wachimbaji wadogo wametumia zebaki kukamatia dhahabu, na mitambo ya kuchenjulia hutumia sianidi. Mchanga huo ni laini, uko karibu, na mara nyingi hutolewa bure. Hayo yote ni sababu za kushuku. Taka yenye sumu haiwi salama kwa kuzikwa chini ya barabara, kwa kuwa mvua hupita humo na kwenda kwenye visima na malambo. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), kwa mamlaka ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ndilo lenye kauli juu ya taka za namna hiyo.

Hesabu ya kilomita moja

Ili mkazi aweze kufuatilia kazi, ni vema akaijua hesabu. Chukua barabara yenye upana wa mita 6 na tabaka la sentimita 15. Kilomita moja ina mita za ujazo 900 za udongo. Udongo ulioshindiliwa ukiwa na uzito wa tani 1.6 kwa kila mita ya ujazo, jumla ni tani 1,440. Saruji ikiwa asilimia 5 ya uzito huo, zinahitajika tani 72, yaani mifuko 1,440 ya kilo 50. Kwa maneno mepesi, mfuko mmoja hutawanywa katika eneo la mita za mraba zipatazo 4.

Sasa maabara ikionyesha kwamba saruji inaweza kushushwa hadi asilimia 3 na kusaidiwa na majivu asilimia 6, mifuko inapungua hadi 864. Mifuko 576 imeokolewa katika kilomita moja. Hizi ni asilimia za mfano. Za kweli hutokana na udongo wa mahali husika. Kila udongo una kikomo chake: majivu yakizidi kiasi, mchanganyiko huwa mwepesi na dhaifu, na nguvu iliyokuwa ikipanda huanza kushuka.

Upande wa pili wa hesabu hiyo hausemwi mara nyingi. Asilimia 6 ya majivu ni zaidi ya tani 86. Kilo 100 za mpunga hutoa karibu kilo 20 za pumba, na pumba hizo huacha karibu kilo 4 tu za majivu. Kwa hiyo kilomita moja inadai pumba tani 432, ambazo zimetoka katika mpunga upatao tani 2,160. Pumba hizo hazikai bure zote: wafyatua matofali huzichomea, wafugaji wa kuku huzitandika, na baadhi ya kaya huzipikia. Mpango wowote wa kutumia majivu lazima uanze na swali la nani atakayezikusanya, atakayezichoma katika tanuri gani, na atalipwa nini. Ni kazi ambayo vikundi vya vijana na wanawake vingeweza kuifanya, lakini tanuri lenye joto linalodhibitiwa ni kifaa, si shimo na kiberiti.

Faida haiishii katika fedha. Klinka, ambayo ndiyo kiini cha saruji, huokwa katika joto la nyuzi 1,450 hivi, na kila tani yake huacha hewani zaidi ya nusu tani ya hewa ukaa. Kila mfuko unaopungua ni mzigo uliopungua pia katika malori yanayopita barabara zilezile dhaifu.

Saa mbili, siku saba

Kazi yenyewe hufanyika kiangazi. Greda au plau huchimbua na kuvunjavunja udongo, saruji hutawanywa kwa vipimo, mchanganyiko hukorogwa ukiwa mkavu, maji huongezwa kutoka kwenye boza, hukorogwa tena, kisha hushindiliwa na kusawazishwa. Kuanzia saruji inapokutana na unyevu, saa huanza kuhesabika: ushindiliaji unapaswa kumalizika katika muda wa takriban saa 2, au kwa vyovyote ndani ya muda ulioandikwa katika mkataba. Mchanganyiko ulioachwa ukaganda kisha ukashindiliwa mchana umevunjwa gundi yake, na hautaishika tena.

Baada ya hapo tabaka hutunzwa likiwa na unyevu kwa siku 7. Hizi ndizo siku ambazo barabara nyingi hupoteza uhai wake, na mhusika mkuu si mkandarasi. Tabaka jipya lina sura ya barabara iliyokwisha: ni tambarare, limenyooka, linavutia. Bodaboda hulipita alfajiri. Kundi la ng'ombe likielekea lamboni hulikanyaga jioni, na kwato hupasua ngozi iliyokuwa ikianza kukomaa. Njia ya kupitia kando inapaswa kuandaliwa kabla ya kazi kuanza, na ratiba ya mifugo kujadiliwa katika mkutano wa kijiji, sio kuachwa mikononi mwa mlinzi mmoja mwenye fimbo.

Maji ya kazi ni hoja nyingine inayostahili kuzungumzwa mapema. Udongo wa kiangazi ukihitaji nyongeza ya maji ya asilimia 10 tu, kilomita moja inataka lita 144,000, sawa na maboza 14 au 15 ya lita 10,000, bila kuhesabu maji ya kumwagilia siku zile 7. Katika mwezi wa Agosti au Septemba, lambo ambalo lingetoa maji hayo huenda ndilo linalonywesha mifugo ya vijiji vitatu. Mkandarasi anayefika na boza bila makubaliano ya maandishi na serikali ya kijiji analeta ugomvi pamoja na barabara.

Saruji na chokaa mbichi huunguza ngozi na macho; saruji iliyolowa ina ukali unaoweza kutoboa ngozi bila mtu kuhisi maumivu mwanzoni. Vibarua wanaotawanya mifuko wanahitaji buti, glavu, miwani na barakoa, na ngozi iliyoguswa huoshwa mara moja kwa maji mengi. Watoto wanaopenda kucheza kwenye vumbi jeupe wazuiwe. Mifuko mitupu isichukuliwe kuhifadhia nafaka.

Jaruba na tuta

Tabaka lililoimarishwa halikauki milele kwa sababu tu lina saruji. Udongo ulio chini na pembeni yake bado ni mbuga, bado unafura na kusinyaa. Maji yakituama upande mmoja wa tuta, upande huo hupanda, mwingine hubaki, na ufa mrefu hufunguka kandokando ya barabara. Maji huingia humo, na kuanzia hapo kazi yote ya maabara ni historia.

Katika kata zinazolima mpunga, maji hayo mara nyingi hayatuami kwa bahati mbaya. Jaruba hutafuta mahali pa kukinga maji, na tuta la barabara ni ukingo wa bure ulio mrefu na imara. Mkulima huongeza kingo tatu, akapata shamba. Mtaro ulio katikati huzibwa ili maji yasitoroke, na wakati mwingine karavati huzibwa pia upande wa juu. Kumlaumu mkulima peke yake si haki. Ardhi nzuri ya bondeni ni haba, mvua hazitabiriki, na hakuna aliyekuja kumwonyesha mpaka wa hifadhi ya barabara kabla hajalima. Lakini mpunga uleule unaotoa pumba za kuimarisha barabara ndio unaoilowesha hadi inavunjika, na mgongano huo hauwezi kumalizwa na mhandisi akiwa peke yake. Unahitaji viongozi wa kijiji wapime pamoja na wakulima, waweke alama, na pale inapowezekana wabuni njia ya maji ya mtaro kwenda majarubani umbali salama kutoka kwenye tuta. Miti mikubwa kama mikaratusi nayo isipandwe karibu na barabara ya mbugani: mizizi yake hunyonya unyevu wa upande mmoja na kuleta ufa uleule kwa njia ya pili.

Hata penye mitaro mizuri, kemia inaweza kugoma. Wakati wa ujenzi wa barabara kuu ya M40 karibu na mji wa Banbury nchini Uingereza, mfinyanzi uliotiwa chokaa mwaka 1989 ulifura katika majira ya baridi yaliyofuata na kuinua tabaka lililojengwa juu yake. Udongo ule ulikuwa na chembechembe za salfa, ambazo zilipokutana na chokaa, alumina na maji zilitengeneza fuwele zinazovimba. Sehemu iliyoharibika iliondolewa na kujengwa upya. Tukio hilo limebaki somo kwa wahandisi kwa sababu vipimo vya nguvu vilikuwa vimeridhisha; kilichokosekana ni kipimo cha salfa. Maeneo yenye jasi, au yenye magadi yanayoonekana meupe juu ya ardhi kiangazi, yanadai kipimo hicho kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa.

Wakazi wanaweza kuuliza nini

Tangu Julai 2017 barabara za vijijini na mijini ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), wenye mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000 nchini kote. Hata hivyo mahitaji na malalamiko huanzia katika vikao vya kijiji, mtaa na Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mtendaji wa kata ndiye mlango wa karibu wa kumfikia meneja wa TARURA wa wilaya.

Barabara inapopendekezwa kujengwa kwa udongo ulioimarishwa, mkazi ana haki ya kuuliza sampuli zilichukuliwa wapi na kwa kina gani, kwa maana udongo wa mita 500 mbele unaweza kuwa mwingine kabisa, kama majina ya luseni na mbuga yanavyokumbusha. Anaweza kuuliza CBR ya kabla na ya baada ya kulowekwa, iwapo salfa ilipimwa, na asilimia ya saruji iliyoandikwa katika mkataba. Akiijua asilimia, anaweza kuhesabu mifuko kwa macho yake. Kama mahesabu yanadai mfuko mmoja kwa mita za mraba 4 na yeye anaona mifuko imepangwa kwa umbali mara mbili ya huo, ana jambo la kusema kabla rola haijapita, na halihitaji shahada. Ni busara pia kuomba kipande kifupi cha majaribio, mita 100 au 200, kipite msimu mmoja wa mvua kabla ya kilomita nyingi kufuata, hasa pale majivu ya pumba yanapotumika kwa mara ya kwanza. Jambo hilo huchelewesha barabara kwa mwaka. Barabara iliyojengwa kwa haraka juu ya mchanganyiko usiojaribiwa huweza kuchelewesha kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa bajeti haiji mara mbili.

Baadhi ya wakazi hujiuliza kama mchanganyiko huu unafaa kujengea nyumba. Mbuga haifai kufyatulia matofali ya udongo na saruji, hata saruji ikiongezwa. Tofali hukauka kwa kupasuka. Udongo unaofaa ni wa kichanga wenye mfinyanzi kidogo, na namna rahisi ya kuujua ni kujaza robo tatu ya chupa maji na udongo, kuitikisa, na kuiacha siku moja: mchanga hutulia chini, mfinyanzi hubaki juu, na uwiano wake huonekana. Kwa nyumba iliyokwisha kusimama juu ya mbuga na kuanza kupasuka, hatua ya kwanza ni kuzuia maji ya paa yasianguke karibu na msingi na kujenga njia pana ngumu kuizunguka, kabla ya kufikiria kuziba nyufa. Ushauri wa kitaalamu kuhusu matofali ya kufungamana na vifaa vya gharama nafuu hutolewa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA), na maombi ya mafunzo kwa vikundi huweza kupitishwa kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.